Ufunguo wa Kabati la Sukari

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kijiko alijichoma kidole. Tone la damu lilikwenda kwenye kipande cha kupimia, mashine ikasoma, naye akamtangazia mama yake namba kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kisha alijidunga sindano ya insulini, akala mkate na yai, akanywa chai isiyo na sukari, akachukua mkoba wa shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mambo hayo alishayazoea kama kupiga mswaki.

Lililomshinda kuzoea ni harufu. Mama yake alikuwa mwokaji wa keki, na jiko la nyumbani ndilo lililokuwa karakana yake. Kijiko alipewa jina hilo la utani tangu mdogo, kwa sababu hakuna keki iliyoingia katika oveni kabla hajalamba kijiko cha mbao na kutoa hukumu: "Mama, chumvi bado," au "Vanila imezidi." Mara nyingi alisema kweli. Kisha kongosho lake likaacha kutengeneza insulini, akalazwa hospitalini, na aliporudi alikuta kijiko cha mbao kinaoshwa haraka haraka kabla hajaingia jikoni.

Lakini hamu haioshwi kwa sabuni. Muhula uliopita ilimshinda nguvu. Alijifungia stoo na bakuli la krimu iliyobaki, akalikomba lote, na hakumwambia mtu. Jioni sukari ilipanda, akawa anakunywa maji bila kukata kiu, kichwa kinamgonga, chooni hatoki. Ukweli ulipojulikana, Shangazi, dada yake baba aliyekaa nao na kumsaidia mama kuoka, alikwenda kununua kufuli. Sukari, asali, jamu, hata ndizi mbivu, vyote vikaingia kabatini. Ufunguo ukaning'inia kiunoni mwake.

Haya, aliyekosa alikosa. Lakini tangu siku hiyo mtoto wa watu hakupumua. Akiingia jikoni kunywa maji: "Unatafuta nini huko?" Akifuta mdomo: "Umekula nini?" Wageni wakija, kabla hawajakaa vizuri, Shangazi alishawatangazia, "Huyu msimpe kitu kitamu, ana sukari." Kosa moja, kifungo cha maisha! Hata mwizi wa kweli hufungwa, siku zikiisha akaachiwa.

Jumamosi moja palikuwa na keki ya harusi mezani, imezungukwa na maua ya sukari ambayo mama aliyafinyanga kwa mkono. Mama alikuwa ametoka kwenda kununua sanduku la kuibebea. Saa ya chakula cha mchana ilipofika, Kijiko alipima, akajidunga sindano yake, akakaa kungoja sahani. Shangazi alikuwa anapakua wali na maharage. Ghafla akaganda, mwiko mkononi.

"Maua mawili yako wapi?"

"Maua gani, Shangazi?"

"Usinifanye mjinga. Jana yalizunguka keki nzima. Leo kuna pengo hapa. Limeletwa na panya?"

"Sijui. Mimi sijayagusa."

"Hujayagusa! Mchovya asali hachovyi mara moja. Hebu fungua mdomo nikuone."

Kijiko alihisi uso unamwaka. Fungua mdomo! Maneno aliyokuwa ameyameza kwa wiki nyingi yakamtoka.

"Sifungui! Mimi si mbuzi wa kuuzwa, nikaguliwe meno!"

"Unanijibu mimi hivyo?"

"Na chakula chenyewe sili! Mkinipa mtasema nacho nimeiba!"

Akaisukuma sahani, akatoka, akaenda kukaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alikuwa na haki ya kukasirika, tena haki kubwa. Lakini insulini haijui ugomvi wa watu. Ikishaingia mwilini hufanya kazi yake, uwe umekula au umenuna.

Haukupita muda mrefu, mikono ikaanza kumtetemeka. Akadhani ni hasira. Jasho likamtoka, magoti yakalegea, na hamu ya kitu kitamu ikamvamia kwa nguvu asizowahi kuziona. Wakati ule angeweza kuila keki ya harusi na kibao chake. Hapo ndipo alipoogopa. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia mara nyingi: "Mwili ukikupigia kelele, usibishane nao. Pima."

Akaingia ndani akiyumba, akajichoma kidole mbele ya Shangazi.

"Haya, tazama! Si ulitaka ushahidi?"

"Imepanda, siyo?" Shangazi akauliza, tayari kwa ushindi.

"Imeshuka." Sauti ya Kijiko ilikuwa imepungua. "Nataka sukari, Shangazi. Sasa hivi."

Shangazi akapapasa kiunoni. Hapakuwa na kitu. Akapapasa tena, akazunguka meza, akarudi kabatini, akalivuta kufuli kwa mikono miwili. "Ufunguo! Nguo niliyofua asubuhi! Mungu wangu, nimeuweka wapi?" Kufuli halikusogea. Ndiyo hivyo: nyumba ya mwokaji wa keki, magunia ya sukari yameshonana kabatini, na mtoto anatetemeka mezani kwa kukosa kijiko kimoja!

Mlango ukafunguliwa. Mama aliingia na sanduku lake, akamwona binti yake, akaliachia likaanguka. Hakuuliza swali. Alinyoosha mkono kwenye keki, akang'oa ua la sukari, akang'oa na la pili, na la tatu, akayaponda kwenye kikombe na kuyakoroga kwa maji ya uvuguvugu.

"Wifi, keki ya watu!" Shangazi aliropoka.

"Maua hutengenezwa tena, wifi. Mtoto wangu hatengenezwi tena. Kunywa, mama, kunywa yote."

Kijiko akanywa. Wakangoja robo saa, wakapima tena, namba ikawa imepanda hadi panapofaa. Mama akamsogezea sahani ya wali na kumsimamia mpaka akala. Ndipo alipotaka kuelezwa. Akaelezwa, na uso wake ukabadilika.

"Yale mawili niliyang'oa mimi, alfajiri. Yalipasuka, nikayatupa. Ungeniuliza, wifi."

Shangazi akaketi. "Nisamehe, mwanangu. Siku ile ulipolazwa nilidhani tunakupoteza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Mimi si nyoka, Shangazi," Kijiko alisema, na machozi yakamtoka. "Sikatai, krimu niliiba. Niliiba kwa sababu mnasema hapana kabla sijaomba."

Mama akamfuta machozi. "Umesema kweli, na mimi nimesikia. Lakini na wewe, kujidunga sindano kisha ukagoma kula! Aliyekukosea ni Shangazi. Tumbo lako lilikuwa na kosa gani?"

Kijiko akainamisha kichwa. Jioni ufunguo ulipatikana kwenye kamba ya kuanikia, ndani ya mfuko wa nguo iliyolowa.

Jumatatu walikwenda kliniki wote watatu. Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Hamu ya vitu vitamu si dhambi," alimwambia Kijiko. "Hata mimi ninayo. Ukikaa na njaa inakua, ukinyimwa kila kitu inakua zaidi. Kwa hiyo kula kwa wakati. Ukitamani, sema. Kipande kidogo, pamoja na chakula, tukikihesabu kwenye kipimo cha insulini, kina nafasi yake. Cha hatari ni kula kwa kificho, maana sindano haiwezi kuhesabu usichokisema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Halafu akamgeukia Shangazi. "Na wewe dada, sukari ikishuka, sukari ndiyo dawa ya mtoto huyu. Nani anafungia dawa? Umlinde, ndiyo, lakini kwanza umwulize na umwamini. Kufuli linaweza kulinda kabati, si mtu."

Walipofika nyumbani, Shangazi alilifungua kufuli, akalitupa kwenye pipa la taka, akaweka mkebe wa glukosi, sukari ya dharura, kwenye rafu ya chini, mahali ambapo hata mtoto anayetambaa angeufikia.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kupima, kuhesabu na kudunga sindano, Kijiko alikuta kando ya sahani yake ya mchana kipande chembamba cha keki mpya. Shangazi alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja kusahihishiwa.

Kijiko alimaliza chakula kwanza. Kisha akala keki polepole, akifumba macho.

"Haya, sema," Shangazi alihimiza.

"Chumvi bado."

Shangazi akaonja, kisha akasogeza mbele yake kopo la chumvi na bakuli la unga wa keki iliyofuata, ambayo haijaingia ovenini. "Tia wewe," alisema. "Mimi nitakoroga."