Mashine Iliyowaka Bila Umeme

Umeme ulikatika saa nane mchana, kama kawaida yake. Fundi feni aliacha kazi akakimbilia betri. Mama yake alipumua kwa msaada wa mashine. Umeme ukikatika, uhai wake ulitegemea betri hiyo.

Betri ilikuwa kwenye meza ya karakana, chumba cha pili. Ilikuwa imechajiwa jana ikajaa. Fundi alifika mlangoni akaganda.

Mashine ya kuchajia ilikuwa imechomolewa ukutani. Hata hivyo, namba nyekundu zilikuwa zinawaka kwenye kioo chake. Zilififia, zikarudi, zikafifia tena.

"Mke wangu," aliita kwa sauti ndogo, "njoo uone."

Mkewe alichungulia. 

"Inakula nini hiyo?"

Fundi aling'oa nyaya, akabeba betri mpaka kitandani kwa mama, akaiunganisha. Mashine ya mama ililia mara mbili, ikazima. Betri ilikuwa tupu. Midomo ya mama ilianza kubadilika rangi.

Mke alipiga kelele. Jirani yao, dada fundi wa minara ya simu, alikuja mbio na betri ya pikipiki yake, akaiunganisha. Mama akavuta pumzi.

"Karakana yetu ina jini," mke alisema, akimwongoza jirani hadi karakana na kumweleza kuhusu zile namba.

"Jini wenu ana nyaya," jirani alijibu. Alinyanyua nyaya mbili nyembamba mezani. "Hizi zilikuwa kwenye betri?"

"Ndiyo," fundi alisema. "Nikimaliza kuchaji nachomoa zile nyaya nene mbili tu. Hizo za kupimia naziacha, kesho nisihangaike."

"Umekosea, kaka. Nene zinapeleka umeme. Nyembamba zinapima volti pale pale kwenye betri, ili mashine ijue kilichofika. Lakini ukiizima, umeme wa betri unarudi kwa njia hiyo hiyo. Betri yako imenyonywa tangu jana."

"Sasa nifanyeje?"

"Funga nene kwanza, kisha nyembamba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Zikaze! Nyembamba ikichomoka wakati wa kuchaji, mashine itadhani volti hazitoshi. Itaziongeza, na betri itaharibika. Ukimaliza, zima, toa nyembamba, halafu nene. Usiache hata moja."

Fundi aliona aibu. Uvivu wake ungemuua mama. Jioni ile alichaji betri, akazima, akachomoa nyaya zote nne akizihesabu kwa sauti.

Kesho yake umeme ulikatika tena. Fundi aliunganisha betri kitandani. Yeye na mkewe walisimama wakisikiliza, hakuna aliyethubutu kukohoa. Mashine iliendelea kusukuma hewa, polepole, bila kukatika.

Mama alifumbua jicho moja.

"Mbona kimya hivyo? Nani amekufa?"