Bwana wa Neno Moja

Jumamosi mchana Soho Road, mjini Birmingham, haina pa kuweka mguu. Wauza maembe wanapiga kelele, magari yanapigiana honi, wanawake wanagombania vitambaa hadi barabarani. Na ndani ya duka la vitambaa la Mzee Paramjit, katikati ya njia kabisa, alisimama kijana mmoja na daftari lake. Jina lake Makungu, Mnyamwezi wa Tabora. Koti lake la kijivu lilikuwa limechakaa viwikoni, na miwani yake ilishikiliwa na kipande cha utepe. Alikuwa anamhoji mama wa Kibengali aliyekuja kununua bitana, na mama wa watu alikuwa anataka bitana tu.

"Excuse me," alisema Raisa, mteja mwingine, akimsukuma kijana kando kwa kikapu, kisha akamgeukia mwenye duka kwa Kiswahili. "Mzee Paramjit, na huyu unamuuza yadi ngapi?"

Mzee Paramjit ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu, akahamia Birmingham ujanani. Alicheka mpaka kilemba chake cha buluu kikatikisika. "Huyo hauzwi, dada. Yuko hapa tangu asubuhi, anauliza watu neno moja tu. Nimemwambia anunue hata kifungo kimoja, amekataa."

Makungu aliposikia Kiswahili alimsahau mama na bitana yake. Mbele yake alisimama binti wa Unguja, baibui jeusi lenye taraza nyeupe, mtandio rangi ya zambarau, harufu ya udi ikimtangulia. Raisa alikuwa anafanya kazi katika duka la dawa Kings Heath, na wagonjwa wote walimwogopa.

"Neno gani hilo?" aliuliza Raisa.

"Abhimana. La Kisanskriti." Macho yake yaling'aa, jambo la kusikitisha kwa mtu mzima. "Wapunjabi wakilitumia ni kiburi. Wamarathi, fahari. Watelugu, upendo. Lakini Wabengali! Kwao ni uchungu wa mtu aliyeumizwa na mtu anayempenda. Hasemi kitu. Ananyamaza, anangoja mwenzake agundue mwenyewe aje ambembeleze."

"Kwetu huko ni kususa."

"Hapana, ni zaidi ya kususa."

"Umelisomea miaka mingapi?"

"Huu wa nne."

"Ungeniuliza mie siku ya kwanza, ukaenda zako kulala."

Mwanamke mwenye akili angenunua kitambaa chake akaondoka. Raisa alimpa namba ya simu. Alichokipenda pale sijakijua hadi leo, labda zile nyusi, maana nyusi alijaliwa. Lakini alipenda, na alipenda kwelikweli, na ndani ya mwezi mmoja simu zilikuwa hazipoi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Biskuti."

"Biskuti! Bwana mkubwa anajua lugha tano za Kihindi na hajui kukaanga kitunguu."

"Unanidharau, Raisa."

"Sana. Njoo saa saba, nimekuwekea wali na samaki wa nazi. Na uvae shati lenye vifungo vyote."

Miezi minane alilishwa hivyo, naye akaitika kila alipoitwa mpenzi, akanenepa kidogo. Hatimaye akasema anataka kupeleka posa.

Hapo ndipo Raisa alipojitia kitanzi. Alikuwa anaishi Erdington kwa ami yake, Muzamil, muuza mazulia, mtu mkavu mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Ami alikuwa na mchumba wake wa kumpa, mtoto wa rafiki yake, kijana mwenye gari la rangi ya dhahabu na kichwa kisicho na kitu. Raisa alimsimamia Makungu.

"Ami, huyu ni mtu wa subira. Ameweza kulingoja neno miaka minne, hatashindwa kuningoja mie."

"Haya," alisema Ami Muzamil. "Barua yake ije. Lakini akiniaibisha, ya pili nitachagua mimi, na sitaki kusikia sauti yako."

Raisa akakubali. Maisha yake yote aliyaweka juu ya subira ya mtu yule.

Posa inataka mshenga, mtu wa kupeleka barua, kusema kwa niaba na kurudi na taratibu za upande wa pili. Makungu hakuwa na jamaa Birmingham. Wazanzibari wapo tele, angemwomba yeyote msikitini. Yeye na elimu yake akamtuma Mzee Paramjit. Naam, posa ya Kiislamu ikafika Erdington mikononi mwa Singasinga. Ami Muzamil alitaka kukasirika, lakini mgeni alikuwa mcheshi, wakaongea habari za Kisumu mpaka chai ikaisha mara mbili. Barua ikapokewa. Taratibu hakuna aliyezitaja, kwa sababu mwenyeji alidhani kila mshenga anazijua, na mshenga hakujua kwamba zipo.

Utaratibu wa nyumba ile ulikuwa huu: barua ikishaingia, binti hampigii simu mposaji wala hapokei yake, mpaka jibu litoke. Na jibu halitoki haraka, maana wenye binti wakikimbilia kujibu wataonekana wamechoka naye. Raisa akafunga simu yake akiwa na raha tele, akijua mwenzake kule anahesabu siku kama yeye.

Mwenzake kule alikuwa ananuna. Siku ya tatu alipiga mara sita. Siku ya saba alijiambia amedharauliwa. Siku ya tisa akaketi, akamruka mshenga wake, akamwandikia Ami Muzamil ujumbe huu:

"Kwa heshima na taadhima. Kwa kuwa siku tisa zimepita bila jibu, na kwa kuwa mhusika hapokei simu zangu, naomba barua yangu irudishwe. Na mimi nina utu wangu."

Mhusika! Mwanamke aliyemlisha miezi minane.

Raisa aliusoma ujumbe ule mikononi mwa ami yake. Hakusema neno. Alikwenda kazini, akagawa dawa, akaingia stoo akalia katikati ya maboksi, akatoka na uso mkavu. Hakumpigia. Sasa hakuna tena aliyemkataza, na bado hakumpigia.

Siku nne zikapita hivyo. Kisha Mwatima, mke wa Ami Muzamil, akaichukua namba kwenye simu ya mumewe.

"Weye ndo Makungu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, na sina haja nayo. Una akili weye? Ijumaa tulikuwa tunakujibu ndiyo! Nyama nshanunua! Mtoto kakatazwa simu kwa sababu kaposwa, hata paka wa Unguja anajua hilo. Sasa yupo hapa, haongei, hali, anakungoja ugundue mwenyewe kosa lako. Na watu wanambia ati unasomea mambo hayo hayo!"

Makungu akakaa kitandani. Anajua maana zote za neno lile, na nani kalisema mwaka gani. Mtu kalifanya mbele yake siku nne nzima, asilione. Kwa mara ya kwanza maishani aliona aibu iliyomstahili.

Alasiri ile ile yeye na Mzee Paramjit walipanda treni ya Erdington.

"Kijana, wewe ulinipa barua nipeleke," mzee alimfokea njia nzima. "Mbona hukuniambia niulize sheria? Na wewe unajiita msomi!"

Ami Muzamil aliwakaribisha sebuleni bila kutabasamu. Raisa aliitwa, akaketi kando ya Mwatima.

"Sina maneno marefu," alisema Ami. "Ya pili ilikuwa haki yangu kuchagua, lakini mtoto hali. Toa simu yako, utusomee ulichoniandikia. Kwa sauti."

Makungu akasoma. Alipofika kwenye "mhusika" sauti ikamkatika, akarudia, ikakatika tena. Aliposoma ule "utu wangu", Mzee Paramjit aligeuka akatazama ukuta.

"Nilikosa," alisema Makungu. "Nilijifikiria mimi tu. Ami, naomba barua yangu ipokewe tena. Raisa, nisamehe."

Ami akamgeukia mtoto wa ndugu yake. "Umesikia. Unamtaka, humtaki?"

Kwao binti akiulizwa hivyo huinamisha kichwa akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kukubali. Raisa akainamisha kichwa. Mwatima akashika kifua, tayari kwa kigelegele. Ami akaanza kutabasamu.

Makungu aliwatazama wote, mmoja mmoja. Uso ukamshuka. Akasema, "Nimeelewa," na akainuka kutafuta koti lake.

"Kaa chini!" Raisa alipiga ukelele mpaka vikombe vikalia. Alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka. "Ami, niwie radhi, najua si adabu. Lakini huyu kimya hakijui! Nikinyamaza hapa atakwenda zake mpaka Tabora! Makungu, n'nakudharau kuliko mtu yeyote wa mji huu, na n'nakutaka. Ndiyo. Umesikia? Nimesema ndiyo."

Makungu akakaa.