Kitenge cha Kioo cha Bluu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamaliza aliketi kando ya moto na kisufuria kidogo kuliko vyote nyumbani kwao Kirolirwe. Wafugaji walileta maziwa kwa madumu waliyoyaita bidoni, na baba yake, Papa Makuza, aliyageuza kuwa fromaji, yaani jibini. Lakini hakuna bidoni iliyomiminwa kwenye sufuria kubwa kabla Kamaliza hajachota vijiko viwili vya maziwa yake na kuvichemsha. Yakitulia, ni mazima. Yakikatika mabongebonge, bidoni inawekwa kando, awe ni mjomba au jirani aliyeileta. Kamaliza alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kazi hiyo alijiona bingwa.

Jioni alikwenda kwenye karakana ya parokia, ambako Mama Constance aliwafundisha wasichana sanaa ya vioo. Walikata vioo vya madirisha vilivyovunjika, wakavipanga, wakavipika tanurini mpaka vikashikana na kuwa picha ya kutundika dirishani.

Wiki hiyo Kamaliza alikuwa na picha yake moyoni. Mama Emérita, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa anahamia Walikale Jumapili baada ya misa. Miezi mitatu nyuma, mama yake Kamaliza alishikwa na homa kali baada ya kumzaa mtoto Mucyo, na kwa siku nne Mama Emérita hakubanduka kando ya kitanda chake. Kamaliza hakusahau siku zile, baba yake akikamua ng'ombe huku machozi yanamtoka. Sasa alitaka kumshukuru muuguzi kwa picha ya mama aliyebeba mtoto. Picha yote ingekuwa ya kioo cha dirisha, ila kitenge cha mama kingekuwa cha bluu. Bluu hiyo ilitoka kwenye chupa ya zamani ya dawa iliyoachwa na bibi yake, na kijiji kizima hakikuwa na nyingine.

Mama Constance alikuwa na sharti lisilo na mjadala. Kioo kigeni kilijaribiwa kwanza: kipande cha ukubwa wa kucha kilipikwa juu ya kioo cha dirisha katika tanuri dogo, kisha kikafukiwa kwenye majivu ya moto kipoe polepole mpaka asubuhi.

Kamaliza alipima chupa yake mara tatu. Ilitosha kitenge tu, haikubaki hata kucha. Akaona jaribio ni hasara tupu.

"Kamaliza, ile ya bluu ulijaribu?" Mama Constance aliuliza Jumatano.

"Ndiyo, Mama. Iko muzuri," alijibu, macho yakiwa chini.

"Basi kesho ukitoka masomo, tunawasha."

Alhamisi asubuhi bidoni ya mwisho ilikuwa ya Papa Ndayambaje, mfugaji msafi kuliko wote.

"Papa, hii tuimimine tu sufuriani. Maziwa yake haijaharibika hata siku moja."

"Hata yake, mutoto wangu. Chemsha."

Kamaliza alichemsha huku amenuna. Mara maziwa yakakatika mabongebonge mbele ya macho yake. Papa Makuza aliitazama sufuria kubwa iliyokaribia kujaa, akashusha pumzi. "Ona vile vijiko mbili vimetuokolea kazi ya leo yote."

Kamaliza alikumbuka chupa ya bluu. Darasani siku hiyo hakusikia hata neno moja. Kengele ilipolia alikimbia mbio mpaka karakana, akamkuta Mama Constance ameshika kiberiti.

"Mama, usiwashe! Nilikudanganya. Ya bluu sikuijaribu. Niliogopa itapunguka."

Mama Constance aliweka kiberiti chini. "Umenihuzunisha," alisema. "Lakini umekuja mbele ya moto. Lete ile chupa."

Wakakata kipande cha ukubwa wa kucha. Ijumaa asubuhi walikifukua kwenye majivu. Kilionekana kizuri ajabu, lakini Kamaliza alipokigusa tu, kilipasuka katikati.

"Kioo kikipoa kinanywea," Mama Constance alieleza. "Hiki cha bluu kinanywea zaidi kuliko kile cha dirisha. Vinavutana mpaka vinapasuka. Picha yako yote ingepasuka hivi."

Kamaliza alilia. Mama Constance alimwacha alie, kisha akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Visivyopikika pamoja, tutavipika mbali mbali. Halafu tutavifunga kwa waya."

Wakafanya hivyo, na tanuri likaachwa limefungwa mpaka Jumapili alfajiri. Picha na kitenge vikatoka vizima, wakavifunga kwa waya. Kitenge kilikuwa kifupi kidogo, lakini hakuna mwanamke ambaye angekikataa.

Baada ya misa, Mama Emérita aliinua picha juani, akatabasamu. "Na hizi waya?"

Kamaliza angeweza kusema ni mapambo. Badala yake alisimulia yote, hata uongo wake, akatoa mfukoni kipande kilichopasuka.

Mama Emérita alimgeukia mama yake Kamaliza, aliyesimama karibu na Mucyo mgongoni. "Mama, hajui habari ya mukono wako?" Kisha akamshika Kamaliza bega. "Siku ile ya homa, watu walinipigia kelele nimupige sindano haraka. Mimi nilimupiga tone moja tu chini ya ngozi, nikangojea. Mukono ukavimba. Mwili wake haukutaka ile dawa, nikatafuta ingine. Ningemupiga dawa yote, leo hatungekuwa naye."

Kamaliza alimshika mama yake mkono.

"Kujaribu kwanza hakupotezi wakati wala kintu," muuguzi aliendelea. "Ndio vile tunalinda wale tunaowapenda. Na kama hujajaribu, useme hujajaribu, kwa sababu kuna muntu anakuamini."

Kamaliza alikuwa ameandaa shukrani ndefu, akiijua kwa kichwa tangu Jumatatu. Yote ilimpotea. Alimkumbatia Mama Emérita kwa nguvu zake zote.

"Asanti, Mama," alisema. "Asanti kwa lile tone."