Kipande Kilichofungwa kwa Uzi Mweusi

Siku ile, katika nyumba ile ya Wete, walikuwepo Hamood, fundi wa kusafisha kanda za zamani na kuzitia kwenye kompyuta, mkewe Rawya, Bi Maisa mama yake Hamood, mtoto wao Safaa, aliyekuwa bado ananyonya, na Bi Mwanaasha, mgeni aliyetoka Chokocho na kaseti moja ndani ya mkoba. Mwengine hakuwepo. Rawya aliapa hivyo baadaye mbele ya Shehe Suhail.

Kaseti ilikuwa na sauti ya marehemu mama yake Bi Mwanaasha akimwimbia mtoto alale. Mtoto huyo alikuwa Bi Mwanaasha mwenyewe, na sauti ile haikuwepo mahali pengine popote. Utepe ulikuwa umeota ukungu mweupe. Hamood aliufuta asubuhi nzima kwa pamba na spiriti, taratibu, kama mtu anayeosha jicho la mgonjwa. Mara mbili ulitaka kukatika, lakini hakumwambia mwenye kaseti. Alimwambia tu anywe chai.

Mapema, alipofungua ganda la kaseti, alikuta kitu chini ya gurudumu: kipande cha utepe kilichokatwa kwa mkasi, kikakunjwa, kikafungwa kwa uzi mweusi.

Bi Mwanaasha hakujua habari zake. Bi Maisa alimwambia mwanawe kwamba kilichofungwa na mtu hakifunguliwi bila ya kumuuliza, na wa kuulizwa yuko kaburini. Hamood akacheka. Akasema kazi yake ni kuunga, na mtu ametoka mbali, haifai arudi na sauti pungufu. Akaukata uzi, akakiunga kipande mahali pake, akawasha spika ili mgeni asikie vyema.

Mwanamke aliimba. Nyuma ya wimbo bembea ililia kwenye boriti, kwii, kwii. Bi Mwanaasha alijifunika uso kwa mtandio. Jikoni, Rawya alikuwa akikuna nazi, na machozi yakamtoka na yeye kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Halafu wimbo ukakoma. Ndani ya kaseti mtu alikuwa mlangoni.

"Hodi."

Mwimbaji hakujibu. Bembea ikasimama.

"Hodi, jamani." Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka, kama aliyetembea juani bila ya maji.

Mwimbaji alisikika akihema tu. Ikaja hodi ya tatu, na Rawya, ambaye tangu utoto wake hajapata kumwacha mtu mlangoni, akaitikia kule kule jikoni bila ya kufikiri.

"Karibu."

Kwenye spika, mlango ukafunguka.

"Ahsante, mwanangu," ilisema ile sauti.

Hamood alichomoa waya ukutani. Pakanuka maziwa yaliyochacha. Kisha chumbani, kwii, kwii, bembea ya Safaa, kanga mbili zilizofungwa kwenye boriti, ikaanza kwenda na kurudi wakati hapakuwa na upepo wala mkono, ikienda kwa mwendo ule ule wa kaseti, na Rawya alipofika mbio na kumnyanyua mwanawe alimkuta macho wazi, anatazama juu ya bega la mama yake, anamchekea mtu. Akampa titi. Safaa akageuza uso, akalikataa. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na maziwa, na Rawya hakuwa amemnyonyesha tangu alfajiri.

Kufika alasiri mtoto alikuwa amelegea, baridi, hata shingo haikazi. Shehe Suhail aliitwa. Gari ya Chokocho ilikwishaondoka, lakini Bi Mwanaasha hakuiulizia. Alikaa chini ameushika mkono wa Rawya.

Shehe alisoma kwa muda mrefu. Spika, ambazo hazikuwa na umeme, zikajibu.

"Sikuvunja mlango. Nilikaribishwa."

"Mama hakumjibu," alinong'ona Bi Mwanaasha. "Kumbe ndiyo maana mimi nipo."

Shehe alifunga msahafu. "Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi," alimwambia Rawya. "Husindikizwa, na aliyemkaribisha ndiye amsindikize. Tangulia wewe. Usigeuke. Ukifika kwenye kona ya kisima mwambie kwaheri, neno hilo moja tu. Usimwambie arudi."

Rawya aliomba kwanza kikombe. Akajikamua maziwa yake, kwa sababu alijiambia kwamba anayefuata watoto wa wenzake labda wake hakumpata, na kwao mgeni haondoki mikono mitupu. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Akatoka na kikombe mkononi, jua bado lipo, watoto wa chuo cha Kurani wakimpita na kumwamkia, na nyuma yake harufu ya maziwa yaliyochacha ikimfuata hatua kwa hatua, miguu mitupu ikiburura mchanga, akisimama inasimama, akienda inakwenda, mpaka pumzi ikawa inampiga kisogoni na nywele zikamsimama ndani ya buibui, na bado hakugeuka, kwa sababu kila alipotaka kugeuka aliiona shingo ya Safaa iliyolegea.

Kwenye kona aliinama, akakiweka kikombe chini.

"Kwaheri," alisema.

Kisha sikioni, kwa upole: "Huniambii nirudi, mwanangu?"

Neno lilimjia lenyewe, kama linavyomjia kila mtu aliyelelewa vizuri. Rawya aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Akasikia kikombe kinanyanyuliwa. Akasikia mtu anakunywa, kwa kiu ya miaka. Halafu kikombe kikaanguka, na harufu ikaondoka.

Alirudi mbio. Kutoka barabarani alimsikia Safaa analia njaa. Mtoto alinyonya mpaka akasinzia, na Bi Maisa akakaa kumpepea mkwewe bila ya kumlaumu.

Hamood alikikata tena kile kipande, akakifunga kwa uzi mweusi mpya. Alitaka kukichoma, Shehe akamkataza, akasema moto hufungua. Bi Mwanaasha alirudi Chokocho na wimbo wa mama yake tu.

Safaa alianza kusema mwaka uliofuata. Neno lake la kwanza lilikuwa "karibu."