Ushahidi wa Wegesa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wegesa alikamua ng'ombe pamoja na baba yake, Kisyeri. Baba alimshika ndama, yeye akakamua, huku wakitaniana. Mama yake, Mokami, aliwasikia wakicheka akiwa jikoni anakoroga uji. Wegesa alikuwa na miaka kumi na tatu, mtoto wao wa pekee.

Familia hiyo ilikuwa imehamia kijiji kipya cha ujamaa wilayani Tarime mwaka 1974. Nyumba zilijengwa kwa mistari, karibu karibu, na jirani yao aliitwa Nashoni.

Asubuhi moja, miaka miwili baadaye, fahali wa Kisyeri alitoka zizini akala mtama wa Nashoni. Nashoni alikuja akiwa ameshika bua lililovunjika.

"Kisyeri, ndugu yangu, hii ni mara ya tatu," alisema. "Watoto wangu watakula nini?"

"Ungejenga ua!" Kisyeri alifoka.

"Ng'ombe ni wako, ua nijenge mimi?"

Hasira zikampanda Kisyeri. Aliinua fimbo akampiga Nashoni mkononi mara mbili. Wegesa alisikia mfupa ukivunjika. Mkono ule wa kulia haukupona sawasawa, na Nashoni hakuweza tena kulima.

Kisyeri aliwaambia polisi kwamba Nashoni alimjia na panga, naye akajikinga tu. Walioona tukio hilo walikuwa Mokami na Wegesa peke yao. Wote wawili wakaletewa samansi ya kwenda mahakamani kuwa mashahidi.

Kisyeri alikuwa nje kwa dhamana. Siku chache kabla ya kesi, wakiwa zizini, alisema bila kumtazama binti yake, "Wegesa, wakikuuliza, sema uliona panga."

"Lakini baba, hakuwa na panga."

"Najua. Usiponitetea wewe mwanangu, nani atanitetea?"

Wegesa aliendelea kukamua. Maziwa mengine yalimwagika chini.

Siku ya kesi, Mokami aliitwa kwanza. Hakimu alimwambia, "Mama, mshtakiwa ni mume wako. Katika kesi ya namna hii, sheria haikulazimishi kutoa ushahidi dhidi yake. Ukitaka utasema, usipotaka basi."

Mokami alimtazama mumewe, kisha Nashoni. "Sitasema," alijibu kwa sauti ndogo, akatoka.

Wegesa alipoitwa, alisema haraka, "Shikamoo mheshimiwa. Na mimi sitasema. Yule ni baba yangu."

"Marahaba, binti. Ruhusa hiyo ni ya mke au mume tu. Mtoto akiitwa kuwa shahidi, lazima ajibu."

"Hata kama ni baba yake?"

"Hata kama ni baba yake. Pole sana. Je, unajua maana ya kuapa?"

"Ni kumwahidi Mungu kwamba sitasema uongo."

Akaapa, mkono wake ukiwa juu ya Biblia. Mwendesha mashtaka akauliza, "Nashoni alikuwa ameshika nini?"

Wegesa alimtazama baba yake. Kisyeri alimkazia macho, kama kumkumbusha maneno ya zizini.

"Bua la mtama," Wegesa alisema. "Alitaka baba alione." Kisha akaangua kilio.

Kisyeri alifungwa miaka miwili. Shangazi yake Wegesa, Gati, alimwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyemfunga baba yako." Tangu hapo Wegesa alikula kidogo, na shuleni alikaa peke yake.

Baada ya miezi mitatu, Mokami alimpeleka gerezani Musoma kumwona baba yake. Kisyeri alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa. Wegesa hakuweza kuinua uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wanakusumbua huko nyumbani?"

"Shangazi anasema nimekufunga."

"Mwambie shangazi yako nimejifunga mwenyewe. Kumpiga Nashoni ilikuwa hasira ya dakika moja. Lakini kukwambia wewe useme uongo, hilo nililiwaza siku nyingi, na bado nikalifanya. Hapo nilikukosea. Ukisema kweli hujanikosea, hata kama kweli hiyo imeniumiza. Usije ukadanganya kwa ajili ya mtu yeyote, hata mimi. Na Nashoni mwambieni namwomba radhi. Mwaka huu nyumbani kwake wakivuna pungufu, apewe mtama wetu."

"Baba, mimi sikutaka ufungwe."

"Najua, mwanangu. Hata pale mahakamani nilijua."

Askari akasema muda umekwisha. Njiani Wegesa alilia, na mama yake hakumwambia anyamaze, kwa maana yeye pia alikuwa akilia. Kesho yake, kabla ya saa za shule, walikwenda wote wawili kwa Nashoni kumfikishia maneno yale.