Uchungu wa Korongo

"Chui, hapa Mlima. Peugeot nyeupe imepita Kiwira. Isifike Mbeya."

"Nimeiona."

Mpelelezi Asajile alirudisha redio ya Motorola kiunoni, akaikamua Yamaha. Mvua ya Rungwe ilimchapa usoni. Lami iliteleza kama kambale.

Kwenye kona ya Isongole, Peugeot iliserereka, ikavamia shamba la viazi, ikalala ubavu. Makreti yakapasuka. Chupa za Korongo, bia chungu iliyopendwa nchi nzima, zikatapakaa matutani.

Lakini Korongo haikuwepo tena. Kiwanda kilibinafsishwa, na mwekezaji akaacha kuitengeneza.

Wiki ile, watu waliokunywa "Korongo" kwenye baa moja ya Kiwira walipofuka. Wengine walizikwa.

Dereva alichomoza dirishani, mikono juu. Jina lake Fred. Mdomo wa bastola ya Asajile, Browning, ulikuwa unamtazama.

"Nani anapika?"

"Mzee Jotham, Bulyaga. Mzigo ni wa Lazaro, bosi! Mimi dereva tu."

"Lazaro yuko wapi?"

"Anakwenda huko huko, kuchukua mwingine."

Asajile aliwasubiri polisi, akawaachia Fred na shehena yake. Akageuza pikipiki.

Nyumba ya Mzee Jotham ilinukia kimea kilichochemshwa. Alikuwa mpishi mkuu wa Korongo kule kiwandani, hadi alipopunguzwa kazi. Hakukimbia. Alisogeza kiti.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kuonja?"

Asajile alimwambia habari za Kiwira. Za vipofu. Za makaburi.

Mzee aliketi juu ya kreti.

"Mimi natia kimea, hamira na hopsi, yale maua ya uchungu. Basi! Hopsi huniletea Lazaro kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu. Nami humpa bia. Alisema anakunywa na rafiki zake."

"Mapipa yote haya, mzee?"

"Sikuuliza. Nilihitaji hopsi." Akaelekeza kidole chumbani. "Mke wangu ana saratani. Chakula hakipiti. Alitamani Korongo tu. Nikamwambia, Ikupa, nitapika mpaka niipate."

Breki zililia nje.

Lazaro aliingia na dumu mkononi. Alipomwona mgeni, mkono wa pili uliruka mfukoni.

Asajile aliipiga meza teke. Ikamgonga Lazaro kifuani. Risasi ya bastola yake ikatoboa bati. Sekunde iliyofuata Lazaro alikuwa kifudifudi, pingu mikononi.

Jotham alifungua dumu, akanusa. Spiriti ya kiwandani.

"Ulikuwa unaiongezea hii?"

"Wanywaji wanataka kali, mzee," Lazaro alisema sakafuni.

Jotham alilia kwa sauti, kama mtu aliye msibani.

Land Rover ya polisi ilipofika, mzee aliomba jambo moja: amuage mkewe. Akakinga glasi kutoka kwenye pipa lake mwenyewe, akampelekea. Ikupa alilowesha midomo.

"Ndiyo yenyewe, baba," akasema.

Mzee alimfunika vizuri blanketi. Akatoka, akapanda gari bila kushikwa.

Asajile aliinama kuchukua glasi. Vidole vyembamba vikamshika mkono.

"Mwanangu, siyo yenyewe. Haijawahi kuwa."

"Mbona umesema..."

"Alikuwa halali usingizi. Anapika, anamwaga, anapika. Nikasema ndiyo, ili apumzike. Kumbe kwa furaha ndiyo akajaza mapipa." Alivuta pumzi kwa shida. "Watu wamekufa kwa neno langu?"

"Wameuawa na Lazaro, mama."

"Usimwambie mume wangu."

"Sitamwambia."

Tumpe, jirani yao, aliingia na uji, akaketi kitandani pa mgonjwa.

"Chui, hapa Mlima. Taarifa."

"Lazaro tunaye. Hakuna chupa itakayotoka tena."

"Safi sana. Na huyo mpishi?"

Asajile alitazama mapipa, povu jeupe likipumua juu yake.

"Amejisalimisha mwenyewe," alijibu, akazima redio.

Akafunga zipu ya koti. Aliisukuma Yamaha hadi mbali na dirisha la mgonjwa, ndipo akaiwasha.