Koti la Laptopu

Kila siku akitoka shule, Sindano alipitia chumba cha kushonea cha mama yake. Kazi yake hapo ilijulikana. Alifagia vipande vya vitambaa chini ya meza, akapitisha sumaku sakafuni kuokota pini, kisha akapiga pasi nguo zilizokwisha kushonwa. Jina la Sindano alipewa na mama yake mkubwa, ambaye alishona kwenye cherehani ya karibu na mlango. Alisema mtoto huyu ni mwembamba na maneno yake yanachoma.

Siku ile hakuwahi hata kushika ufagio. Juu ya meza ya kukatia, mahali ambapo hata kikombe cha chai hakiruhusiwi, palikuwa na laptopu mpya. Ilikuwa nyeusi, haina urembo wowote, imekaa pale kama mtu aliyekuja kufanya kazi wala si kupiga soga. Ilinukia kama viatu vipya. Mama aliinua mfuniko wake kwa vidole viwili, na Sindano akaruhusiwa kubonyeza herufi moja tu. Kibonye kilizama polepole, bila kelele.

"Basi, inatosha," Mama alisema. "Hii ni ya biashara. Michezo kachezee nje."

Alieleza kwamba Ijumaa kamati ya shule ingekuja kuchagua fundi wa kushona sare za wanafunzi wote. Fundi wa mtaa wa pili naye aliitaka kazi hiyo. Mama alitaka kuwaonyesha wanakamati picha za mishono yake, kubwa na safi, moja baada ya nyingine. Kazi za nguo moja moja zilikuwa haziwatoshi tena watu wawili. Akizikosa sare hizo, mama mkubwa angelazimika kwenda kutafuta kibarua kwingine. Wote watatu walilijua hilo, ingawa hakuna aliyependa kulisema.

Sasa, fundi cherehani havumilii kuona kitu kizuri kikikaa uchi. Mama alichukua utepe wa kupimia, akaipima laptopu urefu, upana na unene kama anavyompima mteja. Kabla ya jioni ilikuwa na koti la kijani la kitambaa cha sare, lenye sponji ndani na vifungo ubavuni. Koti liliifunika chini na pembeni kote, likaacha kioo na vibonye peke yake. Mama mkubwa aliitazama, akauliza suruali yake itakuwa tayari lini.

Kesho yake, Jumanne, Sindano alimkuta Mama amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Tangu asubuhi alikuwa akipanga picha, na zilipokaribia kwisha laptopu ikazimika yenyewe. Mpangilio wote ukapotea.

"Jana nilipopeleka gauni la mteja nilikuacha nayo peke yako," alisema. "Ulicheza nini humu?"

"Sikuigusa, Mama."

"Usinidanganye."

"Haki ya Mungu, sikuigusa."

"Muongo wewe."

Alilisema neno hilo mbele ya mteja aliyekuwa akijaribu sketi yake kwenye kioo cha ukutani. Mteja akajifanya anatazama zipu. Sindano alihisi masikio yake yanawaka. Kweli hakuigusa. Jana ile aliitamani, akaizunguka, akaweka mikono nyuma ili vidole visimponze. Na malipo yake ndiyo haya.

Alifagia kwa hasira mpaka vumbi likapanda juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akakaripiwa tena. Mama mkubwa alijaribu kusema kwamba mtoto huyu ana mdomo mkali lakini hasemi uongo. Mama akamjibu kwamba yeye ndiye aliyemzaa, anamjua.

Jioni Sindano aliambiwa aifungie laptopu kabatini. Alipoikumbatia kifuani, akashtuka. Joto lilipenya sponji mpaka tumboni, kama amekumbatia pasi. Ndani ya koti feni ililia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Sindano alipiga pasi kila siku, akajua kwamba joto hilo limekosa pa kutokea. Koti lilikuwa limebana kila upande.

Alifungua mdomo amwambie Mama. Halafu akaufunga. Si mimi muongo? aliwaza. Basi muongo akisema, nani atamsikiliza? Acha iungue. Akaiweka kabatini, akageuza ufunguo, akaenda nyumbani amenuna. Njiani alisikia raha kidogo, ila ilikuwa raha chungu.

Alhamisi laptopu ilizimika tena, na ilipowashwa ikazimika upya. Safari hii hasira ya Mama ilitafuta mtu mwingine. Aliitia kwenye mfuko mkubwa pamoja na koti lake, akamwambia Sindano abebe, wakaenda dukani ilikonunuliwa. Mama alitembea mbele bila kugeuka. Watu waliomsalimia njiani hawakujibiwa.

Muuzaji alikuwa kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Miwani. Dukani mwake palikuwa na mzee anayechagua chaja na mama mmoja aliyeleta simu itengenezwe. Mama hakungoja zamu. Aliiweka laptopu juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba ameuziwa maiti iliyopakwa rangi, na kwamba kamati inakuja kesho, naye atawaonyesha nini, kioo cheusi?

Miwani naye alipandisha sauti. "Mama, usinivunjie heshima mbele ya wateja wangu. Mimi siuzi vitu vibovu. Niache niitazame kwanza."

"Utazame nini? Wewe ni muongo, na ni mwizi."

Mzee aliirudisha chaja mahali pake. Yule mama mwenye simu aliitia mkobani taratibu, akatoka bila kuaga. Sindano alimtazama Miwani. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Sindano aliujua moto huo. Alikuwa nao tangu juzi, na hakuna aliyekuja kuuzima.

"Ivue koti," alisema.

Mama akageuka. "Umesema nini?"

"Ivue koti, Mama. Inaungua humo ndani. Nilijua tangu juzi."

Miwani hakungoja ruhusa. Alifungua vifungo, akaichomoa laptopu, akaigeuza juu chini. Kulikuwa na matundu membamba, yote yamezibwa na nyuzi za kijani. Aliyasafisha kwa brashi ndogo huku akieleza. Feni huvuta hewa kutoka chini na kutoa joto ubavuni. Ikikosa pumzi, mashine hujizima yenyewe isije ikaungua. Aliiweka juu ya kaunta tupu, akaiwasha. Wote wakaikodolea macho. Picha za mishono zikapita, moja baada ya nyingine, na kioo hakikuzimika.

"Hata mimi sikukuonyesha upande wa chini," Miwani alisema, bado amekunja uso. "Kosa hilo ni langu. Mengine si yangu."

Mama alimgeukia Sindano kwa ukali. "Ulijua tangu juzi, ukaniacha nije kumtukana mtu?"

"Nilisema kweli ukaniita muongo," Sindano alijibu, machozi ya hasira yakimtoka. "Nikaona ninyamaze."

Mama alitoka nje karibu mbio, akamfuata yule mama mwenye simu mpaka kwenye kona, akarudi naye.

"Dada, nimekurudisha usikie," alisema mbele ya wote. "Kijana huyu si mwizi. Mashine niliifunika mimi mwenyewe, halafu nikaja kumtukana. Kosa ni langu."

Akamwomba Miwani msamaha. Miwani alisema amesamehe, ila hakutabasamu. Alisema neno mwizi likishatoka dukani, hujui litalala nyumba ya nani.

Walirudi chumba cha kushonea. Mama alimsimulia dada yake kila kitu bila kujipendelea, kisha akachukua wembe, akaanza kulifumua lile koti. Alipofika kwenye kifungo cha mwisho alimwita Sindano akae karibu naye.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuita muongo bila kutazama."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Bado alikuwa na kinyongo, na Mama alikiona.

"Una haki ya kukasirika," Mama aliendelea. "Lakini tazama tulivyofanya. Mimi hasira ilinifumba macho, wewe ikakufunga mdomo, na aliyeumia ni mtu ambaye hakuwemo katika ugomvi wetu. Siku nikikukosea tena, nuna utakavyo. Ila ukiwa na ukweli, useme hivyo hivyo ukiwa umenuna. Ukweli hausubiri mpaka tupatane. Nami nitajifunza kutazama kabla ya kufoka."

Ijumaa wanakamati walikaa kwenye viti vya kushonea, laptopu ikiwa wazi juu ya meza tupu, bila koti. Waliuliza maswali mengi, wakavuta mishono ya shati la mfano kuona kama itaachia, wakatazama picha zote mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka walimpa Mama kazi ya sare. Mama mkubwa aliinamia cherehani yake, akashona kwa kasi sana kitambaa ambacho hakikuhitaji haraka.

Wiki iliyofuata, Sindano akiwa anapitisha sumaku sakafuni, Mama alisimama ghafla.

"Nani amechukua mkasi wangu?" aliuliza, na macho yake yalikuwa yameshamfikia Sindano.

Sindano alinyanyuka, akamtazama usoni. "Si mimi, Mama."

Mama alifunga mdomo. Akainua vitambaa mezani, akachungulia chini ya kiti, akapapasa mfuko wa aproni yake.

"Ninao," alisema.